Fuso, herufi H na barua isiyofika Nyabibuye

Kabla Fuso haijatoka Nyabibuye na shehena ya mahindi, utingo huizunguka, tairi moja baada ya jingine, wili spana mkononi, akikaza nati. Barabara za vumbi za Kakonko, Kibondo na Kasulu hazina huruma na chuma. Tairi likichomoka njiani, wa kulaumiwa wanajulikana: utingo hakukaza, fundi alilipua kazi, tajiri kazidisha mzigo.

Japani nako walisema hivyohivyo. Tarehe 10 Januari 2002, mjini Yokohama, tairi la lori la Mitsubishi lenye uzito wa kilo 140 hivi lilichomoka likamuua mama wa miaka 29 aliyekuwa akitembea na wanawe wawili wadogo. Kampuni ikadai wenye malori hawayahudumii ipasavyo. Machi 2004, Mitsubishi Fuso ikakiri: ubovu ulikuwa kwenye habu, kile chuma kinachofungiwa tairi. Malori na mabasi zaidi ya 100,000 yakaitwa yakabadilishiwe.

Wala haikuwa mara ya kwanza Mitsubishi kuficha ubovu. Mwaka 2000 mtu asiyejitaja aliidokeza Wizara ya Uchukuzi ya Japani. Wakaguzi wakaenda Mitsubishi Motors, wakakuta malalamiko ya wateja yamefichwa kwenye chumba cha makabati ya wafanyakazi. Yale yasiyotakiwa kuonekana yalitiwa herufi H.

Mchezo huo ulianza 1977. Gari likiletwa sevisi, ubovu unarekebishwa kimyakimya, mwenyewe anashukuru na kuondoka; mwenye gari kama lile mtaa wa pili haambiwi kitu. Rais wa kampuni, Katsuhiko Kawasoe, alijiuzulu mwaka huohuo wa 2000, na mwaka 2008 mahakama ya Yokohama ikamtia hatiani kwa kifo cha dereva wa lori la kampuni hiyo aliyekufa Oktoba 2002 baada ya breki kukataa.

Kisha ikaja Takata, iliyotengeneza mifuko ya hewa ya usukani. Kemikali yake, amonia nitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Siku ya ajali kopo la chuma hupasuka na vipande humrukia dereva badala ya kumwokoa. Honda iliita magari ya kwanza 2008. Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa mbele ya sheria ya Marekani: ilighushi matokeo ya vipimo. Corolla na Vitz zimo katika magari yaliyoitwa.

Barua za wito, za kumtaka mwenye gari alirudishe likatengenezwe, hata zikiandikwa, huenda kwa mmiliki aliyesajiliwa Japani. Gari likishafutwa usajili na kupakiwa melini kuja huku, barua haina pa kulifuata. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hukagua magari haya ya mitumba, lakini kuangalia breki na taa si kufungua usukani. Tena wapo mafundi ambao taa ya onyo ya mfuko wa hewa ikiwaka, dawa yao ni kuizima.

Namba ya chasisi imo kwenye kadi ya gari. Kampuni za Japani zina kurasa za intaneti ambako ukiiingiza utaona kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa, ingawa nyingi ni za Kijapani. Kipuri ni shughuli nyingine: wakala rasmi ana makao yake Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kakonko, na dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria, anadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, gari litembee lisitembee.