Karo likijaa si lazima liwe bovu: tulichojifunza Zinga kwa shilingi 354,000

Aprili 2024, mvua za masika zikiwa zimekolea, choo cha nyumbani kwetu Zinga kilianza kugoma. Unamwaga maji, yanapanda kwanza, yanasita, halafu yanashuka polepole. Siku ya tatu maji ya bafuni yakarudi sakafuni. Siku ya nne mwanangu wa darasa la pili akaja jikoni na habari: “Mama, kule nyuma kunanuka, na kuku wanakunywa.”

Nilipokwenda kuangalia, mfuniko wa chemba ulikuwa umenyanyuka na maji meusi yanatiririka kuelekea kwa jirani. Hatua kama kumi na tano kutoka hapo kuna kisima chake, ambacho na sisi tunachota siku bomba lisipotoa maji.

Fundi wa kwanza alikuja kwa bodaboda. Hakufungua kitu. Alisimama, akanusa, akasema: “Karo limejaa hili. Ita gari.” Nikampa 20,000 ya kuja kwake, gari la majitaka likanyonya kwa 120,000, tukalala usingizi. Siku ya tisa choo kikarudia yale yale.

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokolea laki na arobaini. Karo la choo lililo zima huwa limejaa wakati wote. Ndivyo linavyofanya kazi: uchafu mzito unazama chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanatoka kwa bomba kwenda shimo la pili, lile la kunyonya, yanakozama ardhini. Kwa hiyo fundi anayekuambia karo limejaa hajakuambia chochote. Muulize maji yamefika wapi ukilinganisha na bomba la kutolea, na tope la chini lina kina gani.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Karo letu lina urefu wa mita 2, upana mita 1.5 na kina cha maji mita 1.5, yaani lita 4,500. Tuko watu saba. Kwa kuoga, kufua na choo tunamwaga karibu lita 500 kwa siku. Gawanya: siku tisa. Gari halikutengeneza kitu, lilitununulia siku tisa tu.

Fundi wa pili ni mzee mmoja wa upande wa Kiromo, tuliyeelekezwa na muuza vifaa vya ujenzi. Nilipomuuliza kwa simu itakuwa shilingi ngapi, alinijibu, “Mama, sijafungua, nitakutajiaje bei? Ukaguzi ni elfu thelathini, halafu tutazungumza.” Niliona ghali. Leo naona ndiyo hela iliyotumika vizuri kuliko zote.

Alifungua chemba zote, kuanzia iliyo karibu na nyumba hadi shimo la mwisho. Chemba mbili za mwanzo zilikuwa zimejaa hadi mdomoni. Karo, maji yamepita juu ya bomba la kutolea. Lakini shimo la kunyonya lilikuwa na nafasi, maji yako chini kabisa. Maana yake kizuizi kilikuwa kati ya karo na shimo, kipande cha mita nne tu. Akafunga kitambaa cheupe kwenye fito ndefu, akaizamisha taratibu ndani ya karo na kuitoa: alama nyeusi ya tope ilikuwa fupi. Kawaida tope likikaribia theluthi ya kina ndipo gari linahitajika, na kwa familia nyingi hilo huchukua miaka mitatu hadi mitano. Letu halikuwa limefika.

Wakachimba. Mizizi ya mwembe ilikuwa imeingia kwenye kiungio cha bomba na kulijaza kama mkeka. Nyuma yake, donge la mafuta na machicha ya nazi. Naam, machicha. Miaka yote nimekuwa nikisuuza kifumbu kwenye sinki. Ile tii ya bomba inayotakiwa kuzuia mafuta yanayoelea yasitoke kwenye karo haikuwepo, aliyejenga hakuiweka.

Gharama ilikuwa hivi: ukaguzi 30,000, bomba la inchi 4 moja 38,000, tii mbili na gundi 20,000, saruji mifuko miwili 36,000, kibarua wa kuchimba 30,000, ufundi 60,000. Jumla 214,000. Ongeza 140,000 za mwanzo, unapata 354,000. Hela hiyo ilikuwa kwenye bahasha ya ada ya muhula wa pili, na bahasha ikabaki na risiti. Bei zako zinaweza kuwa tofauti, hasa gari, maana linalipwa kwa tripu na umbali wa kwenda kumwaga. Huku kwetu hatuna mtandao wa mabomba ya majitaka. Kila nyumba inajibebea mzigo wake.

Jambo moja yule mzee hakukubali kabisa. Kibarua alitaka kuingia ndani ya karo atoe donge kwa mkono. Akamvuta shati. Ndani ya karo kuna hewa yenye sumu ambayo inaweza kumwangusha mtu kwa muda mfupi, na ikizidi pua haiinusi tena. Anayeshuka kumwokoa mwenzake naye huanguka. Fundi akikuambia ataingia, mzuie hata kama anakucheka. Na mfuniko ukiondolewa, watoto wakae ndani ya nyumba au kwa jirani hadi urudishwe.

Nimerudi kwa jirani. Hili sikulipenda kuliandika.

Siku nne za mwanzo sikumwambia. Nilikuwa naona aibu, nikijipa moyo kwamba fundi anakuja kesho. Nyumbani kwangu nilianza kuchemsha maji siku ile ile. Yeye aliendelea kuchota na kuwapa wanawe. Mdogo wake wa kunyonya, aliyekuwa ameanza uji, akaharisha siku mbili. Alipona kwa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki vya zahanati. Kama ni kisima au ni kitu kingine, hakuna aliyepima. Nilipokwenda kumweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Dada, ungeniambia siku ile ile.”

Umbali unaoshauriwa kati ya kisima na shimo la kunyonya ni angalau mita 30. Shimo letu liko mbali zaidi ya hapo. Chemba yenye ufa ndiyo haikuwa, na hakuna aliyewahi kuihesabu. Bwana afya wa kata alitupa maelekezo ya kuchota kisima na kukitibu kwa klorini. Tuligawana kazi, dawa nikanunua mimi. Kwa walio upande wa Mlingotini, karibu na mikoko, ambako maji ya ardhini yako juu, suala la umbali na kina cha shimo liangaliwe kabla ya kumwaga msingi, si baada ya mtoto kuugua.

Kuhusu jikoni, sasa machicha yanakwenda kwa kuku, mafuta ya kukaangia yanapoa na kufutwa kwa karatasi, na masufuria yanayosuguliwa kwa mchanga yanaoshewa nje. Pampasi na taulo za kike zina ndoo yake. Mwembe tumeuacha, ila kiungio kimezungushiwa zege. Fundi ametuonya kwamba mizizi itajaribu tena.

Tatizo lililotuchelewesha zaidi lilikuwa kutojua bomba linapita wapi. Nyumba ilijengwa kidogo kidogo, kama nyingi za huku, na fundi wa kwanza alihama zamani. Nusu siku ya kibarua ilikwisha kwa kuchimba pasipo na kitu. Kabla ya kufukia, tulipima kwa futi kutoka ukutani na kuchora kwenye karatasi ya nyuma ya daftari: chemba, karo, shimo, mwembe, kisima. Imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na tarehe ambayo gari lilikuja imeandikwa pembeni. Ada nimeilipa kwa awamu mbili.