Uso Wenye Mafuta na Kiu: Namna ya Kuutunza Kila Siku

Wako walaji wengi ambao uso wao huwatatiza. Ifikapo adhuhuri, paji la uso, pua na kidevu hung'aa kwa mafuta, ilhali mashavu yamekauka, yanabana na kutoa magamba membamba. Aghalabu mwenye uso wa namna hii huyaangalia mafuta peke yake. Hununua sabuni kali ya kuyakata. Uso ukazidi kukauka na kuwasha. Chunusi zikaacha madoa meusi. Kisha akaelekezwa kwenye krimu ya kuondoa madoa, ambayo huenda ina sumu ndani yake. Mlolongo huu humgharimu fedha kwanza na afya baadaye. Shabaha yetu ni kueleza jinsi unavyoweza kukatwa mapema kwa bidhaa chache za kawaida.

Mafuta si maji

Katika uso huu hukutana hali mbili. Ya kwanza ni ngozi mchanganyiko: vitezi vya mafuta ni vingi zaidi katikati ya uso kuliko mashavuni, hivyo sehemu moja hung'aa na nyingine hubaki kavu. Hali hiyo ni ya maumbile, wala si ugonjwa. Ya pili ni upungufu wa maji katika tabaka la juu la ngozi. Tabaka hilo huhifadhi maji kwa msaada wa mafuta asilia yaliyo baina ya seli zake. Mafuta hayo yakiondolewa kwa sabuni kali, maji ya moto au kusugua, maji hupotea hewani. Hewa kavu ya kipupwe katika nyanda za juu kama Njombe na Makete, na viyoyozi vya ofisi za mijini, huzidisha upotevu huo.

Ili kujipima, osha uso kwa maji yasiyo ya moto, ukaushe, kisha usipake kitu kwa nusu saa. Ukihisi ngozi inabana hata pale pua inapoanza kung'aa, yaelekea una hali zote mbili. Kunywa maji ya kutosha ni jambo jema, lakini hakutengenezi tabaka lililochubuka. Linalohitajika ni kuyazuia maji yasitoke.

Asubuhi

Osha uso kwa maji baridi au ya uvuguvugu. Mara nyingi maji matupu yanatosha. Ukauke kwa kuubonyeza taratibu kwa taulo safi, bila kusugua, na uache unyevu kidogo. Hapo hapo paka losheni nyepesi yenye gliserini, ambayo huvuta maji na kuyashikilia katika ngozi. Weka ya kutosha mashavuni na kidogo tu katikati ya uso, kwani si lazima uso mzima upakwe kwa kiasi kimoja.

Malizia kwa krimu ya kinga ya jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini kinga hiyo haizuii jua kukoleza madoa yaliyoachwa na chunusi. Ukishinda nje, rudia kupaka kila baada ya saa 2. Asiyemudu krimu hiyo kila siku asikate tamaa: kofia pana, mtandio au mwavuli husaidia sana.

Usiku

Jasho, vumbi na vipodozi vya mchana viondolewe kwa sabuni laini ya uso isiyo na manukato makali. Sabuni ya mche ya kufulia haifai, kwa kuwa ni ya alkali, ilhali ngozi kwa asili ina asidi kidogo. Dodoki pia lisitumike usoni. Kisha paka losheni ile ile ya asubuhi. Penye baridi kavu, ongeza mafuta mgando kidogo sana juu ya losheni, mashavuni tu. Mafuta hayo hayaongezi maji, bali huyafungia yaliyomo.

Maji ya limau na dawa ya meno visipakwe usoni. Limau likibaki juu ya ngozi penye jua huweza kuleta malengelenge na madoa meusi, yaani lile lile ulilokuwa ukilikimbia.

Kabla ya kulipa

Bidhaa halali huonyesha jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Viambato huanza kutajwa kwa kile kilicho kingi. Gliserini ikitajwa mwishoni kabisa, imo kidogo. Mchoro wa kopo lililo wazi wenye alama 12M humaanisha kuwa bidhaa itumike ndani ya miezi 12 tangu ifunguliwe. Bei kubwa si dhamana ya ubora. Bidhaa mpya ijaribu kwanza ndani ya mkono kwa siku 2.

Kataa krimu isiyo na lebo, pamoja na mkorogo unaochanganywa dukani, hata kama muuzaji anakuhakikishia kuwa ni wa asili. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Kwenye lebo, majina haya huandikwa hydroquinone na mercury, na zebaki huweza kujificha kwa jina la calomel. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Steroidi kali, kama clobetasol, ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Ikitumiwa kama kipodozi hufanya ngozi kuwa nyembamba na yenye michirizi. Aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla, bali amwone daktari ampangie namna ya kuipunguza.

Ipe ngozi yako muda wa majuma 4 hivi katika utaratibu huu kabla ya kubadili chochote. Ikiwa uso unavimba, unatoa usaha au madoa yanaenea, nenda kituo cha afya. Na ikiwa bidhaa uliyonunua imekudhuru, acha kuitumia, tunza kopo, lebo na risiti, kisha utuletee malalamiko yako. Kopo hilo ndilo ushahidi utakaotuwezesha kuifuatilia bidhaa na kuiondoa sokoni kabla haijamdhuru mwingine.