Jitu na Mdudu

Vijana wetu wa Mbeya na Iringa hubishana hata wakanuniana: kati ya Tyrannosaurus wa Amerika ya Kaskazini na Giganotosaurus wa Argentina, yupi angemshinda mwenziwe? Wote wawili walikuwa dinosaria wala nyama, kila mmoja urefu wake mita 12 hivi. Wa kwanza alivunja mifupa kwa taya zake. Wa pili alikata nyama kwa meno membamba mfano wa visu. Lakini hawakukutana kamwe, kwani wa Argentina alitangulia kwa miaka ipatayo milioni 30.

Jawabu lililo bora limo katika ardhi yetu. Katika bonde la Rukwa, upande wa Songwe jirani na Mbeya, mwaka 2002 wataalamu walichimbua mifupa ya dinosaria mla majani, na mwaka 2017 wakamwita Shingopana. Mifupa ile ilikutwa imetobolewa na wadudu baada ya kufa kwake. Jitu lile lilikuwa chakula cha kiumbe kidogo!

Basi, enyi vijana, nguvu si ya kugombaniwa wala kujivuniwa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama namna alivyoanzisha viumbe. Nanyi wazazi, wasomesheni elimu hii.