Makintoshi: Koti la Mvua Lililoingia Wodi ya Wazazi

Novemba mvua zikianza katika milima ya Umatengo, kusini mwa Tanzania, Maguu hukaa katika maji na ukungu hadi Aprili au Mei, na kazi za shamba haziahirishwi. Machi ni mwezi wa ngolo: wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana kwenye mteremko, wanawake huyafukia kwa udongo wanaouchimba katikati, kisha hupanda maharage. Ni kazi ya kuinama na kutoka jasho. Aliyevaa koti la nailoni hulowa kwa ndani karibu sawa na asiye na koti.

Kero hiyo ina umri wa miaka 200. Mwaka 1818 James Syme, kijana aliyekuwa akisomea udaktari Edinburgh, aligundua kuwa mafuta mepesi yatokanayo na lami ya makaa ya mawe huyeyusha mpira. Hakuchukua hataza. Mwaka 1823 mwanakemia wa Glasgow, Charles Macintosh, alichukua ya kwake: alipaka mpira ulioyeyushwa juu ya kitambaa, akakifunika kwa kitambaa cha pili na kuvigandamiza pamoja. Mafuta yalipokauka, ulibaki katikati utando wa mpira usiopitisha tone.

Mafundi cherehani waliutoboa utando huo kwa sindano, maji yakapita kwenye mishono. Kibaya zaidi, mpira mbichi hunata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi, kwa sababu umejengwa kwa minyororo mirefu ya molekuli ambayo huteleza ovyo ikipata joto. Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kuwa mpira ukipashwa moto pamoja na salfa, salfa huifunga minyororo hiyo hapa na pale. Mpira huo huvutika, kisha hurudi ulivyokuwa. Bila ugunduzi huo, koti la Macintosh lingemnata mvaaji mwilini kwenye joto la ufukweni Mbamba Bay.

Kusini mwa Tanzania nako kulitoa mpira. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19, watu wa bara ya Kilwa na Lindi walikata mimea inayotambaa msituni, wakakinga utomvu, wakauviringisha mabonge na kuyapeleka pwani kuuza. Mmea mmojawapo unaitwa Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk, daktari aliyefika Ziwa Nyasa pamoja na David Livingstone mwaka 1859, kisha akawa konseli wa Uingereza Zanzibar. Watoto wetu husoma habari za pembe za ndovu na watumwa. Mpira wa kusini nao unastahili kurasa zake. Mashamba ya mpira ya Wajerumani yaliyofuata yaliporomoka mwaka 1913, bei iliposhushwa na mpira wa Asia.

Turudi kwenye jasho. Mwaka 1879 Thomas Burberry alitengeneza gabadini, kitambaa cha nyuzi zilizotiwa dawa ya kuzuia maji kabla ya kufumwa kwa kubanana sana. Kilipitisha hewa kidogo. Mwaka 1969 Bob Gore aliivuta kwa nguvu plastiki ya aina ya Teflon akapata utando wa Gore-Tex, wenye vitundu vidogo mara 20,000 kuliko tone la maji, lakini vikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke. Mvua hubaki nje, mvuke wa jasho hutoka. Hata hivyo mvuke hutoka vizuri pale hewa ya nje inapokuwa na unyevu mdogo kuliko ya ndani ya koti, na katika ukungu wa Maguu tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mchimba ngolo, naona vazi pana lenye kofia, lililo wazi ubavuni, linafaa kuliko koti la bei kubwa. Anayenunua koti la mtumba aligeuze ndani nje: utepe uliogandishwa juu ya mishono ukiwa umebanduka, maji yatapita.

Matumizi ninayoyathamini zaidi yako hospitalini. Syme yule yule alikuja kuwa daktari bingwa wa upasuaji, na binti yake Agnes akaolewa na Joseph Lister, aliyewafundisha madaktari kuua vijidudu kwenye vidonda. Lister alifunga kidonda kwa matabaka manane ya shashi yenye dawa, na chini ya tabaka la juu kabisa aliweka kipande cha makintoshi, yaani kitambaa cha mpira kilichopewa jina la Macintosh, ili usaha usipenye moja kwa moja hadi nje.

Leo mama anayekwenda kujifungua katika vituo vyetu vingi huambiwa aje na makintoshi, pamoja na glavu, pamba na kanga. Kazi ya makintoshi ni moja, kulinda godoro: likishanyonya damu halisafishiki tena, na anayelala hapo baadaye hurithi vijidudu. Makintoshi ya mpira iliyotumika huwekwa kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, ikaoshwa kwa sabuni na kuanikwa kivulini. Ihifadhiwe kwa kuviringishwa, maana penye mkunjo hupasuka, na isiguswe na mafuta ya taa. Nailoni nyepesi ya dukani huchanika mama anapojigeuza.

Halmashauri zinapopanga bajeti ya vifaa, makintoshi imara za wodi ya wazazi ziwekwe humo, ili mama anayeteremka mlimani usiku na uchungu asidaiwe mpira mlangoni.