Injini ya Mnada: Jinsi Programu ya Mchezo Inavyofundishwa Kusikia Kimya

Mtu akibuni mchezo wa ubao unaofuata njia ya kale ya pembe za ndovu, ile iliyotoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, kisha ikashika njia ya Tabora, Bagamoyo na Unguja, hatakwepa kuweka mnada ndani yake, kwa sababu shehena za Maniema, eneo la Nyangwe na Kasongo, katika zama za mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, zilielekea kwenye masoko ya ng'ambo kama London na Antwerp, ambako pembe za Afrika zilinadiwa mbele ya wanunuzi walioshindana. (Mbuni huyo asisahau kwamba pembe hazikujibeba, na kwamba Unguja kwenyewe watu walinadiwa hadi soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873; ubao unaoonyesha meno ya ndovu peke yake unaficha sehemu kubwa ya biashara hiyo.) Mchezo ukichezwa mezani, mnada hausumbui, maana wachezaji hutazamana na kila mmoja hujua nani amenyamaza akipiga hesabu na nani amenyamaza kwa kukata tamaa. Taabu huanza mchezo unapohamishiwa kwenye simu.

Mazoea ya waandishi wengi wa programu ni kuuandika mnada upya kwa kila mchezo, na mazoea hayo huonyesha udhaifu wake upesi katika Modern Art, mchezo wa Mjerumani Reiner Knizia uliotoka mwaka 1992, ambao peke yake una namna tano za kunadi: mnada wa wazi ambao yeyote hupaza dau lake wakati wowote, mnada wa zamu moja ambao kila mchezaji husema mara moja tu na mnadi husema wa mwisho, mnada wa siri ambao fedha hufichwa kiganjani na kufunuliwa kwa pamoja, bei inayotajwa na mnadi na wengine kuikubali au kuikataa kwa zamu, na mnada wa vitu viwili kwa mpigo. Anayeandika vipande vitano vya programu kwa namna hizo tano atarudia kazi ileile mara tano, pamoja na makosa yaleyale. Njia bora ni kujenga injini moja ya mnada, yaani kipande cha programu kinachojitegemea, kisichojua kama kinauza picha, pembe au kiwanja, ambacho kabla ya kuanza hudai majibu ya maswali machache: nani ana haki ya kutaja dau na kwa zamu ipi, dau lililotajwa linaonwa na nani, mnada unafungwa na tukio gani, na fedha zinatoka kwa nani kwenda kwa nani.

Swali la mwisho ndilo linalodharauliwa zaidi. Injini nyingi huandikwa zirudishe jibu la jina moja na bei moja, mshindi na alicholipa, na jibu hilo hutosha mpaka siku injini inapopachikwa katika mchezo kama High Society, wa Knizia huyohuyo, ambamo baadhi ya kadi ni za hasara na mchezaji wa kwanza kujitoa ndiye anayebebeshwa kadi huku akirudishiwa fedha zake, na wote waliobaki hupoteza walichoweka. Hapo hakuna mshindi wa kuandikwa, na walipaji ni wengi. Ndiyo maana matokeo ya mnada yanafaa yawe orodha ya uhamisho, kila mstari ukieleza kitu gani kimetoka wapi na kwenda wapi. Mshindi mmoja anayelipa bei moja huwa ni orodha fupi tu.

Hata hivyo, ugumu mkubwa zaidi ni kimya. Mnadi wa sokoni anaposema mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, anageuza kimya cha umati kuwa jibu, lakini kompyuta hushughulika na matukio tu, na kutotokea kwa jambo si tukio mpaka saa ilifanye kuwa tukio. Kwa hiyo injini huweka muda wa kusubiri, na saa inayotawala huwa ya seva, yaani kompyuta ya kati inayopokea ujumbe wa wote, si ya simu za wachezaji, ambazo hazikubaliani. Mchezaji aliye Kabambare, ambaye mtandao wake waweza kukatika katikati ya dau, atahesabiwa kuwa amejitoa ilhali alikuwa amepandisha bei. Kuongeza sekunde chache kila dau jipya linapoingia humsaidia kiasi, ila hakumsaidii aliyekatikiwa mtandao kabisa.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni dau la kikomo: mchezaji huandika mapema kiwango cha juu atakachofika, na injini humpandia bei hatua kwa hatua dhidi ya wenzake. Mchumi William Vickrey alionyesha mwaka 1961 kwamba, iwapo kila mnunuzi anajua thamani ya kitu kwake mwenyewe bila kutegemea maoni ya wengine, mnada wa siri ambao mshindi hulipa kiasi cha dau la pili kwa ukubwa hufikia matokeo yaleyale ya mnada wa wazi. Sharti hilo ndilo lenye kasoro hapa. Pembe yenye ufa wa ndani ina thamani inayokaribiana kwa wanunuzi wote, ila hakuna aijuaye kwa hakika, na kila mmoja hujifunza kwa kuona wengine wanaachia wapi. Paul Milgrom na Robert Weber walithibitisha mwaka 1982 kwamba katika hali ya namna hiyo mnada wa wazi, kwa wastani, humpa muuzaji bei isiyopungua ile ya mnada wa siri, na mara nyingi huizidi. Programu inayobadilisha kelele za mezani kuwa vikomo vilivyofichwa kwa hiyo yaweza kumnyima mchezaji anayeuza sehemu ya faida yake, bila kanuni yoyote iliyochapwa kuguswa. Kikomo kiwe hiari, tena dau linalowekwa kwa niaba ya mchezaji lionekane kwa wengine kila linapopanda.

Mnada wa siri una tatizo lake, nalo ni imani. Katika minada ya korosho ya Mtwara na Lindi, zabuni zilizofungwa zilitumbukizwa katika sanduku lililofunguliwa mbele ya wakulima, kabla ya mfumo wa kompyuta wa soko la bidhaa la Tanzania kushika kazi hiyo. Simu mbili zisizo na seva kati yao huliiga sanduku hilo kwa kutumiana kwanza alama iliyokokotolewa kutokana na dau pamoja na neno la siri, alama isiyoweza kurudishwa nyuma kuwa dau. Madau yanapofunuliwa, kila simu huikokotoa alama upya na kumbaini aliyebadilisha nia.

Hubaki suala la madau yaliyolingana. Modern Art humpa ushindi mnadi akiwa miongoni mwa waliolingana, au la sivyo aliye karibu naye zaidi kwa mwelekeo wa saa, na michezo mingine ina desturi zake. Injini iliyoandikwa vizuri hukataa kuufungua mnada wa siri mpaka mchezo ulioipachika uieleze kanuni hiyo, badala ya kumchagua kimyakimya yule ambaye ujumbe wake ulifika kwanza.