Baiskeli ya zamani, gia mpya: pima kwanza, ndipo ununue

Kilima cha Old Kampala, kunakosimama Msikiti wa Kitaifa, humtoa jasho mwenye baiskeli ya mbio ya zamani isiyo na gia nyepesi. Anayetaka kuibadili gia hana budi kupima kabla ya kununua, asije akapoteza fedha zake.

Kwanza hupimwa nafasi ya gurudumu la nyuma katika fremu. Baiskeli nyingi za miaka ya 1970 zina milimita 120 au 126. Magurudumu ya baadaye yalihitaji 130. Fremu ya chuma huweza kupanuliwa na fundi stadi. Ya alumini isipanuliwe, kwani huweza kupasuka.

Pili ni wenzo wa gia. Wa zamani huteleza bila vituo, na mwendeshaji huitafuta gia kwa sikio. Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta wenzo wenye vituo, katika seti ya Dura-Ace. Huo hufanya kazi sawasawa endapo tu umeoana na meno ya nyuma na kifaa kinachohamisha mnyororo.

Asiyemudu seti nzima aubakize wenzo wa zamani, ambao hukubali meno ya aina nyingi, kisha aongeze meno ya nyuma kwa kiasi ambacho kifaa hicho kinaweza kufikia. Kilima kitapandika kwa gharama ndogo.