Herufi moja katika muhtasari wa kijiji

Mtu atokaye Kigoma mjini kwa boti akielekea kaskazini huipita hifadhi ya Gombe kabla hajafika Mwamgongo. Ni kijiji cha wavuvi, na watu wake walilelewa katika Kiha. Hata hivyo muhtasari wa mkutano, maombi ya zahanati na malalamiko yapelekwayo wilayani huandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo tunapozungumzia mwandishi hatuna maana ya mtunzi wa riwaya peke yake. Katibu wa kikao, akaaye na daftari lake magotini, naye ni mwandishi, na pengine maandishi yake yana uzito kuliko ya wengi wetu magazetini.

Tuchukue mfano mdogo. Mkutano umeamua kwamba mwenye mtumbwi uliovunjika hatalipa ushuru. Katibu, kama walivyo watu wengi wa bara, haitamki sana herufi h, basi anaandika "atalipa". Uamuzi umepinduka. Ofisa atakayeisoma karatasi ile hakuwapo mkutanoni. Atafuata kilichoandikwa, wala hatuwezi kumlaumu. Kadhalika "kula" na "kura", ambazo zimekwisha kuchekesha watu wengi na kuwaudhi wengine.

Zamani dawa ya kosa la namna hii ilikuwa mbali. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, lakini kitabu kuwapo Dar es Salaam ni jambo moja, na kuwapo kwenye meza ya katibu wa kijiji kando ya Ziwa Tanganyika ni jambo jingine. Leo simu ya mkononi imeupunguza umbali huo. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha kamusi ya Kiswahili katika intaneti, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka 2004 programu ya ofisi ya kompyuta iitwayo Jambo OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili, kwa kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, kimekusanya hazina ya maandishi ya Kiswahili, yakiwamo ya magazeti na vitabu, ambamo mtu huweza kutafuta neno akaona jinsi lilivyotumiwa katika sentensi za watu wengine.

Lakini yafaa kujua kila chombo kinafanya kazi gani. Programu ya kusahihisha tahajia hulinganisha neno na orodha yake. "Atalipa" ni neno sahihi. "Hatalipa" ni neno sahihi. "Kula" na "kura" vilevile. Mashine itayapitisha yote manne bila kupiga mstari mwekundu, maana haikuhudhuria mkutano. Na simu iliyotegwa kwa Kiingereza ni mbaya zaidi, kwani huligeuza neno letu likawa lao kabla hatujainua kidole. Mpangilio huo ubadilishwe kwanza.

Faida kubwa zaidi imo katika kamusi yenyewe, kwa msomaji asiyeishia kwenye maana. Mbele ya neno huandikwa alama za ngeli, nazo hurukwa na wengi. Katibu asiyejua aandike "dagaa zimekauka" au "dagaa wamekauka" atakuta kwamba dagaa huchukua a- na wa-, kama samaki wengine, hata wakiwa wameanikwa mchangani. Sokoni tutaendelea kusikia "dagaa hizi". Katika barua ya serikali tuandike "dagaa hawa".

Hapa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba watatabasamu, kwani lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi hiyo. Tabasamu hilo ni halali, ila lisiwe dharau. Baraza la Kiswahili la Zanzibar liliiita kamusi yake ya mwaka 2010 Kamusi la Kiswahili Fasaha, ilhali bara twasema "kamusi ya". Hapo hakuna aliyekosea. Mwandishi achague njia moja, na asianze barua na "la" akaimaliza na "ya".

Siku hizi zipo pia mashine zinazoandika barua nzima kwa kuombwa. Husema kwa uhakika hata zinapokosea upatanisho wa ngeli. Sisi tungezitumia kama kijana mwepesi wa kalamu: aandike, kisha kamusi imkague.

Kwa maofisa wetu tuna ombi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na kazi yake ni lugha hii hii. Kamusi na mwongozo wa sarufi viwekwe mtandaoni bila malipo, katika umbo jepesi linalofunguka kwenye simu ndogo yenye mtandao dhaifu. Nazo ofisi ziache kuandika sentensi ndefu ambazo hata mwandikaji hawezi kuzirudia.

Wakati huo katibu wa Mwamgongo anaweza kuanza leo. Badala ya "hatalipa", aandike "amesamehewa ushuru". Kisha, muhtasari usomwapo katika mkutano ufuatao, amwulize mwenye mtumbwi ameelewa nini.